Mikrobiolojia ya chakula kwa kijana wa Lubumbashi: asome nini, na kazi iko wapi

Swali: "Jambo Papa Mwalimu. Niko binti wa Katuba, Lubumbashi. Mwaka huu nimepata diplomu ya Serikali, sehemu ya kisayansi. Somo lililonishika ni biolojia, hasa vijidudu, lakini kazi ya hospitali siipendi. Nataka vijidudu vya chakula. Mjomba anasema hiyo si kazi, ni somo tu, afadhali nifanye udaktari au sheria. Mama anauza munkoyo, kinywaji cha mahindi, na makayabo, samaki wa chumvi, kwenye soko la Kenya hapa hapa mjini, kwa hiyo pesa ya kunituma Ulaya haipo. Nisome nini hapa hapa? Kazi iko wapi? Na kuna kitu ninachoweza kuanza kujifunza sasa, kabla masomo hayajafunguliwa?"

Jibu:

Jambo dada, na pongezi kwa diplomu.

Mjomba hakukosea sana. Ukingoja tangazo lililoandikwa "anatafutwa mtaalamu wa mikrobiolojia ya chakula" katika Haut-Katanga, utazeeka ukingoja. Kazi yenyewe ipo, ila inavaa majina mengine: kontroli ya kalite, laborantini, inspekta wa usafi, msimamizi wa usalama wa chakula, na kwenye makampuni ya madini inajificha ndani ya idara ya afya na usalama kazini. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuacha kutafuta jina na kuanza kutafuta shughuli. Jiulize ni nani katika mji huu atapata hasara kubwa chakula chake kikiharibika au kikiwaumiza watu. Huyo ndiye atakayekulipa.

Viwanda vya bia na vinywaji ni mlango wa zamani. Kile cha Simba hapa mjini kinajulikana na kila mtu. Wengi wanadhani mwanamikrobiolojia wa bia anatafuta magonjwa. Bia ina alkoholi, ina hopu, ina asidi, hewa ya oksijeni karibu haimo, na bakteria wa magonjwa hawastawi ndani yake. Kinachotafutwa huko ni Lactobacillus na Pediococcus, ambao huichachusha na kuitibua chupani, na kinachopimwa kila siku ni hamira. Unapaka methilini ya buluu, chembe zilizokufa zinashika rangi, zilizo hai zinabaki nyeupe, unazihesabu chini ya hadubini kwenye chemba ya Thoma au Neubauer. Ni kazi ya macho na uvumilivu. Anayeiweza vizuri hakosi mkate.

Viwanda vya maji ya chupa vinafuata, kisha vinu vya unga, mikate, na maziwa. Upande wa Serikali kuna OCC, Ofisi ya Kongo ya Kontroli, iliyoundwa 1974, ambayo inakagua bidhaa zinazoingia na zinazotoka. Kasumbalesa, pale mpakani na Zambia, unga, samaki wa friji na kuku wanapita kwa makamioni, na kila shehena ni swali la maabara. Kuna pia huduma za mifugo na za karantini ya wanyama na mimea. Nafasi za Serikali ni chache na zinachelewa kufunguliwa, usizitegemee kama mpango wako pekee.

Lakini mlango ambao vijana wa Lubumbashi wanausahau ni kantini za migodi. Kuelekea Likasi, Fungurume hadi Kolwezi, kuna kambi ambazo jiko moja linalisha watu kwa zamu, usiku na mchana. Sufuria moja ya wali iliyoachwa vibaya inaweza kulaza zamu nzima, na mgodi ukasimama. Kampuni za upishi zinajua hilo, na wateja wao wanataka makaratasi: joto la kila frigo, matokeo ya sampuli, rekodi za HACCP, yaani mpango wa kuzuia hatari katika chakula. Kama ningekuwa na umri wako leo, huko ndiko ningeelekeza macho, kwa sababu mtu anayejua jiko na maabara kwa pamoja ni adimu.

Sasa, kusoma. Hakuna fakulte hapa inayokupa taaluma hii tayari mkononi, kwa hiyo unachagua njia na kuijaza mwenyewe. Katika mfumo wa LMD unaotumika sasa, lisansi ni miaka 3 na masta ni 2. Pale UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, una Agronomia, una Sayansi upande wa biolojia au kemia, una Famasi, na una Udaktari wa Mifugo, ambao ni safari ndefu zaidi ya lisansi. Kuna pia ISTM, taasisi ya ufundi wa tiba, yenye tawi la laboratwari.

Maoni yangu bila kuzunguka: kama unapenda nyama, samaki na maziwa, na kazi ya ukaguzi haikusumbui, Mifugo ni nzuri, kwa kuwa sahihi ya daktari wa mifugo ina uzito mbele ya sheria kwenye vyakula vya asili ya wanyama. Kama unataka viwanda na unga na vinywaji, chukua Agronomia, kwa sababu itakufundisha mahindi yanatoka wapi na yanaharibikaje kabla hayajafika kwenye sahani ya petri. Biolojia tupu ina nadharia nyingi. Inafaa kama unaona mbele yako masta na ualimu. ISTM itakupa mikono mapema kuliko wote, lakini mikono ya hospitali, na hapo kuna mtego unaostahili maelezo.

Katika mkojo wa mgonjwa, kiini cha ugonjwa kawaida ni kingi, kiko hai na kina nguvu, nawe unauliza: ni nani huyu, na dawa gani inamuua? Katika chakula mambo yanageuka. Unatafuta labda chembe 1 ya Salmonella katika gramu 25 za unga, imekaushwa, imejeruhiwa na joto au chumvi, imezungukwa na mamilioni ya bakteria wasio na hatia. Ukiitupa moja kwa moja kwenye agari (jeli ya kuoteshea vijidudu) kali ya kuchagua, inakufa kabla ya kuota, nawe unaandika "hakuna". Ndiyo maana njia ya kiwango cha kimataifa ISO 6579-1 inaanza kwa kuilisha taratibu: gramu 25 ndani ya mililita 225 za maji ya peptoni yenye bafa, saa 18 kwenye nyuzi 37 au karibu na hapo. Baada ya hapo ndipo unachukua mililita 0.1 kwenda kwenye mchuzi wa RVS kwa nyuzi 41.5, na mililita 1 kwenda kwenye MKTTn kwa nyuzi 37, saa 24 kila mmoja. Kesho yake unachora kwenye agari ya XLD na ya pili ya aina tofauti. Salmonella wa kawaida kwenye XLD anaonekana mwekundu mwenye kitovu cheusi. Kisha majaribio ya kuthibitisha, ya kikemia na ya seramu. Jibu la "hakuna" linahitaji siku 3 kamili. La "yupo" linafika siku 5. Laborantini aliyezoea hospitali hukosa subira hapo mwanzoni, kwenye zile saa 18, na kosa lake halionekani kamwe, kwa sababu sahani inabaki safi.

Kwa hiyo hata ukipitia ISTM, ni sawa, ila ujue kwamba utalazimika kujifunza upya namna ya kuhesabu na namna ya kuchukua sampuli.

Kabla ya kulipa minervali, ada ya masomo, mahali popote, nenda ukaulize maswali machache, tena usiulize ofisini, waulize wanafunzi wa mwaka wa 3. Autoklavi, ile sufuria ya mvuke ya kuulia vijidudu, inafanya kazi? Wanafunzi wangapi wanashirikiana hadubini 1? Mara ya mwisho kila mmoja kumwaga sahani zake mwenyewe ilikuwa lini? Umeme ukikatika, etuvu, kabati la joto la kuoteshea, inaendeshwa na nini? Majibu ya hayo yatakuambia zaidi ya orodha ya masomo iliyobandikwa ukutani.

Nimetaja autoklavi, na hapa nataka kukaa kidogo, maana ni mahali ambapo Lubumbashi ina jambo lake.

Mji wetu uko kwenye mita 1,200 hivi juu ya bahari. Hewa hapa inakandamiza kwa kilopaskali 88 hivi, wakati Muanda, pwani, ni 101. Ndiyo sababu maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96. Saa iliyo juu ya mfuniko wa autoklavi haionyeshi mkandamizo wote, inaonyesha kiasi kilichozidi hewa ya nje. Sasa vitabu vingi, vilivyoandikwa na watu wanaoishi chini karibu na bahari, vinasema: baa 1, nyuzi 121, dakika 15. Ukifuata baa 1 hapa, ndani ya chombo kuna nyuzi 118 tu. Unaweza kusema nyuzi 3 si kitu. Kwa spora za bakteria sugu, yaani umbo lao gumu la kujilinda, kila nyuzi 10 zinazopungua zinafanya muda wa kuua uwe mara 10 zaidi, na kwa hesabu hiyo nyuzi 3 zinaufanya mara 2. Dakika zako 15 zimefanya kazi ya dakika 7 au 8. Agari inaonekana safi siku ya kwanza; siku ya tatu kwenye etuvu inaota vitu ambavyo havikutoka kwenye sampuli, na mkaguzi anakuuliza unga wa mteja umekosa nini.

Dawa yake ni rahisi: tumia kipimajoto, usitumie saa ya mkandamizo peke yake. Kwa autoklavi ndogo ya mtindo wa sufuria ya mvuke isiyo na kipimajoto, hapa unahitaji karibu baa 1.2 ili kufika nyuzi 121. Acha mvuke utoke kwa nguvu dakika kadhaa kabla ya kufunga vali, kwa sababu hewa iliyobaki ndani inapunguza joto hata kama saa inaonyesha mkandamizo mzuri. Ule mkanda unaogeuka mistari myeusi unathibitisha tu kwamba kitu kimepita kwenye joto. Kipimo cha kweli ni ampuli ya spora za Geobacillus stearothermophilus, ambayo unaipika pamoja na mzigo kisha unaiweka kwenye nyuzi 55 hadi 60 uone kama kuna kinachoota. Na kumbuka kwamba XLD na VRBL, agari nyingine ya kuchagua, haziingii kwenye autoklavi hata kidogo. Zinachemshwa tu hadi ziyeyuke. Anayezipika dakika 15 anaziharibu, kisha anashangaa Salmonella wake wa majaribio hana kitovu cheusi.

Delestaji, kukatwa umeme kwa zamu, ni jambo la pili la hapa nyumbani. Etuvu ya nyuzi 30 ikikaa saa 5 bila umeme usiku wa mwezi wa 6 au wa 7, inashuka sana. Mazoea mabaya ni kuongeza saa ili "kufidia". Huwezi kufidia, bakteria wamekua kwa mwendo ambao huujui. Weka ndani kipimajoto kinachoshika joto la juu kabisa na la chini kabisa, weka chupa kadhaa za maji zilizokwisha kupata joto lile lile ili zishikilie joto, na kama kipimo kimetoka nje ya nyuzi 1 zinazoruhusiwa, andika hivyo kwenye daftari na urudie jaribio. Maabara inayotupa matokeo yake yenyewe ndiyo ninayoiamini.

Msingi wa kazi ya kila siku ni kuhesabu, na unaweza kuuelewa leo. Unachukua gramu 10 za chakula, unaziweka katika mililita 90 za maji ya kupunguzia: hiyo ni moja ya kumi. Unatoa mililita 1, unaitia katika mililita 9 nyingine: moja ya mia. Unaendelea hivyo. Kutoka kila chupa unaweka mililita 1 kwenye sahani ya petri, unamwaga mililita 12 hadi 15 za agari ya kawaida ya kuhesabia, PCA, iliyopozwa hadi nyuzi 44 hadi 47, unazungusha taratibu, unaacha igande, unaigeuza kifudifudi, unaiweka nyuzi 30 kwa saa 72. Tangu uanze kupunguza hadi umwage, zisipite dakika 45.

Tuseme kwenye chupa ya moja ya elfu umepata koloni 142, na ya moja ya elfu kumi umepata 17. Jumla 159, unagawanya kwa 1.1 mara 0.001, unapata 144,545. Ripoti inaandika 140,000 kwa gramu, yaani tarakimu 2 tu, kwa sababu njia yenyewe haina usahihi wa kukuruhusu kuandika zaidi. Ukiona ripoti iliyoandikwa "144,545", ujue aliyeitia sahihi hajui alichopima.

Mambo yanayoharibu hesabu ni madogo: agari ya moto sana inaua bakteria waliokwisha kujeruhiwa, pipeti 1 kutumiwa kwenye chupa zote inafanya ya mwisho ionekane chafu kuliko ilivyo, unga usiopigwa vizuri unabaki na madonge. Na maji ya bomba yana mtego wa pekee. Yana klorini. Ukiyachukua kwenye chupa tupu, klorini inaendelea kuua njiani, na unapofika maabara unapata maji mazuri kuliko yale ambayo watu wanakunywa. Chupa ya sampuli ya maji lazima iwe na tiosulfati ya sodiamu kidogo ili kuizima klorini. Kisha unachuja mililita 100 kupitia utando wa mikromita 0.45, na E. coli lazima iwe sifuri.

Sasa sehemu ambayo naona inamtofautisha laborantini na mtaalamu: kujua kwamba kipimo peke yake hakilindi mtu. Fikiria shehena ya unga ambamo mifuko 2 kati ya 100 ina Salmonella. Unachukua mifuko 5 kuipima. Nafasi ya kuikosa yote ni 0.98 ikizidishwa yenyewe mara 5, yaani karibu 0.90. Mara 9 kati ya 10 utasema shehena ni safi. Hata ukipima mifuko 60, bado karibu mara 3 kati ya 10 itakupita. Hakuna bosi anayependa kusikia hilo baada ya kununua vifaa vya bei kubwa, lakini ni hesabu tu. Kwa sababu hiyo dunia ya chakula ilihamia HACCP, iliyoanza Marekani miaka ya 1960 katika kutengeneza chakula cha wanaanga, na baadaye ikaingizwa katika Codex Alimentarius, kanuni za kimataifa za chakula. Badala ya kukimbiza mfuko mbaya mwishoni, unatafuta zile hatua ambapo hatari inaweza kuzuiwa, unaziwekea kikomo kinachopimika, unazifuatilia kila siku, na unaandika utafanya nini kikomo kikivunjwa.

Katika kantini, kwa mfano, wali. Spora za Bacillus cereus zinavumilia kuchemshwa. Kwenye nyuzi zetu 96 ndiyo kabisa. Wali ukibaki kwenye sufuria kubwa mezani, spora zinaamka. Chembe 100 zinazojigawa kila dakika 20, baada ya saa 5 ni zaidi ya milioni 3, na sumu ya kutapisha wanayoiacha haiondoki kwa kupasha tena. Kikomo cha kuandika ukutani: kutoka nyuzi 60 hadi chini ya 10 ndani ya saa 2, na njia ya kufika huko ni kuumwaga kwenye trei za kina kidogo, si kuusukuma moto ndani ya frigo, ambapo unapasha vitu vingine vyote. Tomsoni nao wana shauri lao. Samaki huyo akiyeyuka na kugandishwa tena njiani, bakteria wanabadili histidini ya nyama kuwa histamini. Kumkaanga hakusaidii, histamini haivunjwi na moto. Watu wanavimba uso na kuwashwa, jikoni wanasema ni aleji. Codex inaweka kikomo cha miligramu 200 kwa kilo.

Kwa unga wa mahindi, adui mkubwa ni ukungu, Aspergillus flavus, unaotoa aflatoksini mahindi yakihifadhiwa na unyevu. Chini ya asilimia 13.5 ya unyevu ukungu huo unashindwa. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, na kiwango cha jumuiya hiyo kwa mahindi ni mikrogramu 10 za aflatoksini kwa kilo. Anayejua kupima hilo leo ana la kumwambia kila mwenye kinu.

Unauliza kama inawezekana bila Ulaya. Lisansi, ndiyo kabisa. Kwa masta, kuna bursari za Ubelgiji za VLIR-UOS na ARES ambazo Wakongo wanaziomba. Za VLIR-UOS mara nyingi ni kwa masomo ya Kiingereza, kwa hiyo anza Kiingereza mwaka wa kwanza, usingoje wa tatu. Viwango vya ISO vinapatikana kwa Kifaransa, lakini makala mengi ya utafiti hayapatikani hivyo. Jifunze pia logarithimu na takwimu hadi zikuzoee. Wengi wanakwama hapo, vijidudu havijawahi kumshinda mtu aliyependa biolojia. Na soma ISO/IEC 17025, kiwango cha maabara zenyewe. Kinachosha kukisoma, lakini waajiri wakubwa wanakiuliza.

Swali lako la mwisho ndilo lililonifurahisha, kwa kuwa mwalimu mzuri unaye nyumbani: munkoyo wa mama.

Uji wa mahindi unapikwa, unapoozwa, kisha mizizi ya munkoyo iliyopondwa inatiwa. Mizizi ina vimeng'enya vinavyovunja wanga, ndiyo maana uji mzito unakuwa maji na kupata utamu. Bakteria wa asidi laktiki wanakula sukari hiyo na kuuchachusha. Ukitia mizizi uji ukiwa bado unatokota, vimeng'enya vinakufa na uji unabaki mzito. Mama anajua hayo kwa kidole. Wewe yageuze kuwa namba. Tafuta kipimajoto cha sindano cha jikoni na karatasi za kupimia asidi (pH) zinazosoma kati ya 3 na 6: namba ikishuka, asidi imepanda. Kihakikishe kipimajoto kwa barafu iliyopondwa na maji kidogo, lazima kisome 0. Usitumie maji yanayochemka na kutegemea 100, umeshajua kwa nini. Kisha andika: joto la uji wakati mizizi inaingia, saa, na asidi kila baada ya saa 3 mchana kutwa na asubuhi inayofuata. Fanya hivyo kwa mapishi kadhaa, siku za baridi na za joto.

Utaona jambo ambalo wateja hawalijui. Munkoyo mtamu, wa saa chache, ndio wenye hatari zaidi, kwa kuwa namba ya asidi bado haijashuka na kila kitu kilichoingia baada ya kupika kinaweza kukua. Ule mkali, uliofika karibu na 4 au chini yake, unazuia bakteria wengi wa magonjwa wasiongezeke. Unazuia kukua, kuua ni polepole, wala si hakika. Kwa hiyo tazama vitu vinavyoingia baada ya moto: mizizi yenye udongo, maji mabichi ya kuoshea au kuongezea, kikombe cha kuonjea kinachorudi ndani, bidoni za plastiki zisizosuguliwa shingoni. Kila kimoja andika kinaingia hatua gani. Hiyo tayari ni nusu ya mpango wa HACCP, na mama atafaidika nao kabla hujapata cheti chochote.

Usioteshe bakteria nyumbani, hata kwa gelatini ya dukani na hata ukiona video inayoonyesha ilivyo rahisi. Ukiotesha kitu kutoka kwenye makayabo au mikono, hujui umeotesha nini, na huna autoklavi ya kukiua.

Daftari hilo lipige picha vizuri na uliambatanishe na barua ya kuomba staji, yaani mafunzo ya kazini. Barua iwe ya ukurasa 1, iende kwa mkuu wa kalite kwa jina la wadhifa wake, isiishie kwa "mkurugenzi" peke yake ambaye ataiacha mezani. Taja kipindi unachotaka, kwa kawaida mwezi 1 hadi 3 ya likizo kubwa, na sema wazi kazi unazoweza: kusoma na kuandika joto, kuosha na kupanga vyombo, kuandaa dilusheni. Ipeleke miezi 3 kabla, na kopi yenye sahihi ya mapokezi ubaki nayo. Wanaotuma wiki ya mwisho wa masomo wanakuta nafasi zimejaa. Kwa kampuni za upishi wa migodini, ongeza kadi ya chanjo na cheti cha afya, kwa maana bila hivyo hawatakuruhusu kuvuka mlango wa jiko, na wengi wanarudishwa hapo hapo getini.